Siku Nilipoficha Godoro la Mdogo Wangu

Ndugu zangu, kabla ya yote niungame, kwa sababu nusu yenu mnajua na nusu nyingine mmeshaanza kunong'ona. Mimi ndiye niliyemvua mdogo wangu gauni lake zuri, nikamvika fulana tuliyokuwa tunashikia sufuria ya moto, nikampaka majivu magotini, nikaficha godoro lake kwa jirani, siku ileile korti ya Mbarara ilipomtuma mtu aje kuangalia kama mama yetu anamtunza. Hakuna aliyenituma. Ilikuwa akili yangu mwenyewe, na siku ile nilijiona nina akili nyingi sana.

Mchungaji amenipa dakika kumi, ameweka saa yake hapa mbele yangu kama mtego. Sitataja jina la mtu. Mkimtambua mtu, ni macho yenu, si mdomo wangu. Na ninyi wa kwaya mnaojiuliza kama mimi ndiye yule aliyecheka katikati ya maombi ya kufunga, ndiyo, ni mimi, tuendelee.

Mdogo wangu ni msichana. Wakati ule alikuwa na miaka sita. Baba yangu mimi alibaki Kivu ya Kusini, kaburini. Baba yake yeye ni mwanajeshi wa Uganda, na nitamwita Afande kama tunavyomwita nyumbani. Mama alimfahamu wakati tulipokuwa tumepanga chumba kule Ruti, pembeni mwa Mbarara, na mama anauza mandazi kando ya barabara ya Kabale. Afande alikuwa ananunua mandazi mawili kila asubuhi, halafu manne, halafu akaanza kuyala akiwa ameketi. Wakubwa mnaelewa. Mtoto akazaliwa. Baadaye Afande akapelekwa kazi mbali, na aliporudi mambo hayakuwa tena yale. Hawakupigana. Waliachana kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Sisi tukarudi hapa Kashojwa, kambini kwetu wakimbizi, yeye akabaki katika kambi ya jeshi Mbarara, akaoa.

Afande si mtu mbaya. Nasema hivyo si kwa sababu ameketi pale nyuma na shati la maua, akijifanya raia. Kila baada ya miezi miwili alikuwa anakuja na sabuni, viatu, madaftari. Lakini mwaka ule alianza kusema anataka mtoto akae kwake. Kule kuna shule ndani ya kambi, kuna dispensari, kuna umeme. Mama akamjibu, "Mutoto hakai na taa. Anakaa na mutu." Afande akaenda kortini.

Barua ilikuja kwa Kiingereza, na msomaji wa barua nyumbani ni mimi, kwa sababu niko sekondari. Ilisema juji ataamua mtoto akae na nani, lakini kwanza afisa wa ustawi wa watoto atakuja kuona anavyoishi na kuandika ripoti. Nikamsomea mama sawasawa, mstari kwa mstari. Hapo sikukosea. Kosa lilikuwa ndani ya kichwa, halikuwa ndani ya barua.

Nawaambia, hata ninyi mngekosea. Sisi hapa tumekua tukijua kitu kimoja: gari likija na mtu mwenye fomu, amekuja kuhesabu shida. Siku hiyo redio inaenda kulala kwa jirani. Baiskeli inaugua, inapelekwa shambani kupumzika. Mzee, usiniangalie hivyo, baiskeli yako niliisukuma mimi. Tukiulizwa tunakula mara ngapi kwa siku, hata mtu aliyetoka kushiba bugali na sombe ya majani ya muhogo anaanza kutazama chini. Sisemi ni uongo mtupu. Shida tunazo, na ni za kweli. Ila tumejifunza kuzipanga mbele, ili mtu mwenye haraka azione. Katika shule hiyo mimi nilikuwa wa kwanza darasani.

Siku ya afisa iliangukia siku ya kugawa chakula, na foleni ya chakula haimngojei mtu. Mama aliamka mapema, akafagia mpaka nje, akaanika godoro juani, akalitandikia shuka nyeupe, ile ya wageni. Akapanga madaftari ya mtoto juu yake. Akamvika gauni la njano la Pasaka. Akapika sombe, akaifunika. Kisha akaniambia:

"Mugeni akifika, umupe kiti, umupe chai, utume mutu aniite ku foleni. Na weye usiguse kitu."

Nikasema ndiyo, mama. Akajifunga kitenge, akaenda. Nikabaki nimesimama katikati ya ule usafi, nikamhurumia mama yangu. Nikasema moyoni, masikini, huyu mama hajui mambo. Atatupotezea kesi kwa sababu ya shuka.

Nikaanza kazi. Shuka nikaikunja. Sombe nikaitia chini ya ndoo. Godoro nikalikokota mpaka kwa jirani yetu anayefuga mbuzi. Hakuuliza maswali mengi.

"Banakuja kuandika?"

"Banakuja."

"Leta mbio. Na ile jagi pia, iko inang'aa sana."

Akalivuta godoro ndani kama anamwokoa mtu kwenye maji. Nikarudi kumfundisha mdogo wangu.

"Wakikuuliza unalala wapi?"

"Ku godoro."

"Hapana. Chini."

"Chini ya godoro?"

"Chini tu. Godoro hatuna."

"Liko kwa mbuzi," akasema.

Tulirudia mara sita. Mara ya sita nilijua huyu mtoto atanizidi.

Afisa alifika. Alikuwa mama mmoja Munyankore, mwenyeji wa huku, mpole, viatu vyake vimejaa vumbi, anazungumza Kiswahili polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikampa ndoo nyingine akalie, kwa sababu hata kiti nilikuwa nimekificha.

"Mtoto mzuri, unalala wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

Mdogo wangu akaonyesha kidole karibu na mafiga. "Pale. Na panya."

Panya sikumfundisha. Panya alimleta mwenyewe.

"Na jana ulikula nini?"

"Maji."

"Mama iko wapi?"

"Haiko."

"Atarudi saa ngapi?"

"Siku ingine," akasema, na hapo akakohoa, kikohozi kirefu cha mzee wa miaka themanini.

Ndugu zangu, nilijivuna. Yule mama aliandika ukurasa mzima, akageuza, akaandika mwingine. Akafumba macho kidogo. Mimi nikawa natazama gari, nangoja ateremshe mfuko wa unga. Hakuteremsha kitu. Alimshika mtoto kichwani, akasema, "Pole sana, mwana," akaondoka. Nikajiambia huruma kubwa namna ile haiwezi kubebwa na gari dogo, itakuja na lori.

Mama alirudi jioni na maharagwe kichwani.

"Mugeni alikuja?"

"Alikuja."

"Alikunywa chai?"

"Alikuwa na haraka."

"Juu ya nini haukutuma mutu aniite?"

"Alikaa kidogo tu, mama."

Godoro lilikuwa limerudi mahali pake, limetandikwa vizuri, ila lilikuwa na harufu. Mama akainama, akanusa. Akanitazama. Akamtazama mbuzi aliyekuwa anapita nje. Lakini alikuwa amesimama kwenye foleni tangu asubuhi, akajilaza tu, hakuuliza.

Tukaenda Mbarara. Mama alivaa kitenge chake cha harusi. Afande alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inaweza kukukata. Juji alikuwa mzee, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Kulikuwa na mkalimani wa kumtafsiria mama, na ripoti ikasomwa.

Mtoto analala chini, pamoja na panya. Mama akamtazama mkalimani kama mtu aliyefungua barua ya nyumba nyingine. Siku iliyotangulia mtoto alikuwa amekunywa maji tu. Alikutwa mchafu, anakohoa, hakuna mtu mzima, na haijulikani mama anarudi lini. Kwa hiyo afisa anaona inamfaa mtoto akae na baba yake.

Mama akasimama bila kuruhusiwa. "Juji, hii mama anasema uongo. Mutoto yangu halalake chini. Hata siku moja."

Afisa naye akasimama. "Mimi niliona na macho yangu. Na mtoto mwenyewe alisema."

Juji akawaambia wote wawili waketi. Akasema atatoa uamuzi mchana, baada ya mapumziko.

Mama akaketi. Ndipo akageuza kichwa polepole, akanitazama. Mimi nimewahi kupigwa na mama kwa ndala, kwa mwiko, mara moja kwa samaki mkavu. Hakuna kilichoniuma kama kutazamwa vile. Nikaelewa kwamba leo, kabla ya jua kuzama, mdogo wangu anaweza kupanda gari la jeshi na sanduku lake, na kwamba aliyemfungia sanduku ni mimi.

Nikatoka nje. Pale barazani nikamkuta Afande amechuchumaa, anamfunga mtoto kamba za viatu, na mtoto anakula chapati aliyomnunulia. Akaniita bila kuinuka.

"Wewe kijana, kuja."

"Afande."

"Godoro iko wapi?"

Nikatazama viatu vya mtoto.

"Ile godoro nilinunua mimi. Mimi mwenyewe nilibeba kwa kichwa kutoka barabara mpaka kwa nyumba yenu, watu wananicheka, askari mzima na godoro kwa kichwa. Sasa mtoto yangu analala na panya. Mama yenu aliuza?"

Uongo nilikuwa nao tayari, nisiwafiche. Nilikuwa na wa wezi, na wa mvua iliyobomoa nyumba. Ningemchagulia mmoja mzuri. Lakini mtu mkubwa vile, na buti zake, midomo ilikuwa inamtetemeka. Na mimi nikaona uongo wangu umefika wapi. Ulianza na fulana ya sufuria, sasa mama yangu amekuwa mwanamke anayeuza kitanda cha mtoto wake. Nikamwambia Afande yote. Jirani, majivu, jagi, yote.

Akamalizia kufunga kamba ya kiatu.

"Na panya?"

"Panya aliongeza yeye."

Akamtazama binti yake. Binti yake alikuwa anaendelea na chapati. Mabega ya Afande yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha akaacha kucheka, akasimama.

"Sikiliza. Mimi nataka mtoto yangu. Wewe unajua nataka. Lakini mimi hapana kumtoa kwa mama yake kwa maneno ya panya. Kuja, turudi ndani."

"Afande, watanifunga."

"Watakufunga kidogo. Tembea."

Hivyo ndivyo nilivyoingia mbele ya juji, nimeshikwa bega na mtu yuleyule tuliyekuwa tunashindana naye. Nikasema. Afisa wa ustawi alipoelewa, alifunika uso kwa mikono. Mama alikuwa anatazama mbele tu, kama mtu anayepigwa picha.

Juji alivua miwani. Akauliza kwa nini nilifanya vile.

"Mheshimiwa," nikasema, "kwetu mtu mwenye fomu anakuja kuangalia tulichokosa. Nikamwonyesha tulichokosa. Kilipopungua kidogo, nikaongeza."

Kuna mtu alicheka nyuma. Juji hakucheka. Alisema hivi: "Kijana, korti hii haikuuliza mlichokosa. Inauliza kitu gani kinamfaa mtoto huyu. Sasa niambie, bila kupanga. Siku yake ikoje?"

Ndugu zangu, sikilizeni. Nina majibu ya kila swali la fomu, mniulize usiku au mchana. Lakini tangu nizaliwe hakuna mtu mwenye kalamu aliyewahi kuniuliza tuna nini. Nikaanza kuokota moja moja.

Nikasema anaamka kabla ya mbuzi. Mama anampashia maji ya kunawa uso, kwa sababu anaogopa baridi, na mimi sipashiwi. Nikasema Jumamosi anasukwa nywele, na analia kabla kitana hakijamgusa, kwa hiyo mama anaimba wimbo wa nyanya yetu na kuukosea makusudi, ili mtoto aache kulia amkosoe. Nikasema anaenda shule na wasichana watatu wa pale jirani, wameshikana mikono, na hawakubali kuachana hata njia ikiwa nyembamba. Nikasema mwaka uliopita alishikwa na homa, mama akambeba mgongoni kwenye mvua mpaka dispensari ya Base Camp, kule kwenye ofisi za kambi yetu. Mimi ndiye niliyekuwa nashika mwavuli, na mwavuli ulikuwa juu ya mtoto, na mama alikuwa amelowa mpaka kitenge kinatoa rangi.

Halafu nikasema na kitu ambacho sikutaka kusema, maana kilikuwa cha kumsaidia Afande. Nikasema mtoto huyu anasikia pikipiki inayomleta baba yake kabla yetu sote, anakimbia kujificha ili atafutwe. Na Afande akiondoka, hali chakula mpaka jioni.

Nilipomaliza, sikujua niweke wapi mikono. Juji alikuwa anaandika. Akaamuru afisa aende mara ya pili, kwetu na kwa Afande pia, na asimwambie mtu siku atakayokuja. Kwangu akasema nikigusa hata kijiko, atanikumbuka.

Mama hakunisemesha kwa wiki tano. Tulikuwa tunazungumza kwa kupitia mtoto. "Ambia kaka yako achote maji." "Ambia mama maji yamekwisha kuchotwa." Mtoto alipenda sana kazi hiyo, na mara nyingine alikuwa anaongeza maneno yake.

Afisa alitokea Jumamosi. Mdogo wangu alikuwa ameketi katikati ya magoti ya mama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama kichaka cha kule Endiinzi. Mimi nikakaa kwenye gogo, nikaikalia mikono yangu. Afisa alinipita bila salamu, na alikuwa na haki. Akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Mtoto mzuri, unalala wapi?"

"Chini," akasema mdogo wangu.

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba mchezo umekwisha. Mama akaacha kusuka. Afisa akainuka, akaingia ndani, akafunua pazia. Godoro lilikuwepo, na shuka, na mdoli wa mabua amelazwa juu yake.

"Na hii godoro ni ya nani?"

"Yangu," mtoto akajibu kutoka nje. "Ni ya wakati wageni hawako."

Afisa akaketi juu ya godoro. Nilifikiri amezimia. Alikuwa anacheka, alicheka mpaka akajifuta macho kwa fomu yake. Aliposhuka kwenye kicheko akakubali chai, akala na sombe. Kisha akamuuliza mtoto taratibu, mama akienda sokoni unalia?

"Ninalia."

"Na baba akirudi Mbarara?"

"Ninalia tena. Miye ninalia mingi."

Hilo nalo aliliandika.

Uamuzi ukatoka. Mtoto akae na mama, asome na wale wasichana watatu. Likizo aende kwa baba. Akiugua, yeyote aliye naye amjulishe mwenzake siku hiyohiyo, na hakuna wa kumhamisha bila mwingine kujua. Afande alisikiliza amesimama wima. Hakupata alichotaka. Aliuliza swali moja tu: "Na Krismasi?" Juji akasema, "Hiyo mpangane wenyewe." Ndiyo maana Krismasi iliyopita mlimwona hapa na mke wake, na shati hilohilo la maua.

Basi, nashukuru. Namshukuru Afande, aliyenishika bega akanirudisha ndani, na angeweza kuniacha barazani akashinda. Namshukuru yule mama afisa, aliyedanganywa na bado akarudi, akala kwetu. Namshukuru jirani, aliyetutunzia godoro na kutuongezea harufu ya mbuzi bure. Na namshukuru mdogo wangu, yule pale anayenitolea ulimi.

Na kama nina cha kuwaachia, ni hiki. Magari yataendelea kuja, na baiskeli mtaendelea kuzipeleka kupumzika, mimi sitasema kitu. Lakini siku mtu akiuliza habari za mtoto, msimpangie shida mbele. Mwacheni aone anavyopendwa. Sisi tulikuwa na ushahidi wote ndani ya nyumba, mama aliutandika kwa shuka nyeupe, na mimi nikaubeba nikaupeleka kwa mbuzi.

Naona mchungaji ameshika saa. Namalizia.

Siku ya uamuzi, tulipotoka nje ya korti, mama alisimama kwenye ngazi. Wiki tano hakuwa amenisemesha. Akanigeukia, akanitengeneza kola ya shati, na alisema hivi, maneno yake yote, siongezi hata panya mmoja:

"Kumbe vyote ulikuwa unaviona. Hata ule mwavuli. Aksanti, mwanangu. Leo weye ndiye utalala chini."